Nakuarifu Tarehe Tu

Mandraki, Nisyros
9 Machi 1997

Mpendwa mwanangu Sevasti,

Pokea salamu za shangazi yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo Glenn, pamoja na kaka yangu Nikitas, ambaye nasikia bado anakaanga samaki uani ingawa duka lake alikwisha kuliuza. Mwambie aache. Mtu akistaafu, astaafu.

Sisi hapa tu wazima. Mvua zimebomoa ukuta wa shamba la juu, na paka mweusi amezaa ndani ya kapu la shuka safi. Kesho ni Jumatatu Safi, mwanzo wa Kwaresima. Jirani yangu Marigo ameoka mkate wa siku hiyo na anapita nyumba hadi nyumba akiusifu mwenyewe.

Ni Marigo huyo aliyeniambia kwamba unakuja likizo mwezi wa Agosti. Aliandikiwa na dada yake aliye huko Melbourne. Nilisikitika kidogo kuipata habari ya ukoo wangu kwa mtu aliyekuja kuazima sukari, lakini furaha imezidi. Hujafika hapa tangu ulipokuwa na meno ya utoto, kwa hiyo nimeona nikueleze mapema mambo ya kuona na kufanya, usije ukapoteza siku zako ukizurura kama watalii wa boti.

Kwanza ni Stefanos, shimo la volkano yetu. Tutashuka sote wawili mpaka ndani ya shimo asubuhi na mapema, kabla boti za kutoka kisiwa cha Kos hazijatuletea watu wa kofia. Uvae viatu vya soli nene, kwa sababu ardhi ya pale huunguza, na uvue vito vya fedha, maana mvuke huvigeuza vyeusi. Harufu ni ya mayai yaliyooza. Mtu huizoea kabla hajamaliza kuilalamikia. Kisha tutakwenda Emporios kwenye lile pango la joto. Wazee wa kule huingia na taulo na hutoka wakiwa wamewasamehe majirani zao. Ufuko wa Hohlaki una mawe meusi ya mviringo ambayo bahari huyavingirisha kutwa, na kelele yake ni nzuri kwa mtu mwenye mawazo. Kuogelea, utaogelea Pali.

Sasa tarehe. Tarehe kumi na tano Agosti ni sikukuu ya Mama wa Mungu. Kuanzia tarehe sita, wanawake tunaowaita wa siku tisa hupanda Spiliani, monasteri iliyo kwenye mwamba juu ya paa langu. Huvaa nyeusi, hufunga, hulala huko huko, husugua vyombo vya fedha, na husujudu mara mia tatu kwa siku. Bibi yako, ambaye jina lake ndilo unaloitwa, alipanda kila mwaka mpaka alipofariki. Mama yake alipanda kabla yake, na mimi baada yake. Godoro la nyumba yetu liko chini ya dirisha. Nyumba isiyopeleka mwanamke hupoteza nafasi, na mwaka huu wifi yake Marigo analiangalia godoro letu kama paka anavyoangalia kikaango, kwa kuwa mimi nina shughuli nyingi na sijui kama nitapanda.

Unajua kwamba hakuna anayeombwa kupanda. Aliyeombwa, nadhiri yake si yake, na dhambi ni ya mwombaji. Bibi yako hakuniomba. Kwa hiyo mimi siombi kitu. Nakuarifu tarehe tu.

Nimenunua mito miwili mipya ya kulalia, ya manyoya ya bata, kwa ajili ya kitanda cha chumba cha mbele. Je, Glenn hula dengu? Hapa bajia za dengu haziepukiki.

Usinipigie simu. Simu ni ya misiba.

Shangazi yako,
Themelina


Oakleigh, Melbourne
6 Aprili 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, Baba akisikiliza. Nilipofika kwenye samaki alisema, "Miaka arobaini na bado ananisimamisha mstarini kama mwanafunzi." Anakusalimu. Bado anakaanga. Mbwa wote wa mtaa huu wanamjua kwa jina.

Mimi mzima, nimechoka tu. Hospitalini kazi ni ile ile, kunyoosha watu viungo kuanzia asubuhi, wengi wao wazee wanaoapa kwamba hawaumwi popote mpaka niwaguse. Ndiyo maana naitamani likizo hii kuliko unavyofikiri. Nataka kuogelea. Nataka kulala mchana. Nataka kushuka ndani ya shimo nikanuse mayai yaliyooza. Nataka kula pweza na kunywa yale maji matamu ya lozi ambayo Baba huyataja kila akiugua mafua. Je, kuna mahali wanakodisha pikipiki?

Habari mbaya ni moja. Likizo hapa kazini tunagawana, nami nimeangukiwa na nusu ya pili ya mwezi. Nitafika kwa boti ya kutoka Kos tarehe kumi na sita. Najua ni siku moja baada ya sikukuu. Nilijaribu kubadilishana na mwenzangu, akacheka.

Usihangaike na chumba. Chochote kinanitosha.

Jambo jingine. Dada yake Marigo alinionyesha picha yako ya Krismasi, umesimama mlangoni. Mbona umelalia upande mmoja?

Nakupenda,
Sevasti


Mandraki
4 Mei 1997

Mwanangu Sevasti,

Kristo amefufuka. Tulikuwa na Pasaka njema. Vijana walilipua fataki nyingi kuliko akili zao, na padri akakatiza wimbo mara mbili ili apige chafya kwa moshi. Paka wadogo wamegawiwa. Mmoja yuko kwa Marigo na amekwisha kunenepa kama yeye.

Nakurudishia barua yako pamoja na hii. Makosa ya Kigiriki nimeyasahihisha kwa wino mwekundu. Si mengi kwa mtu aliyezaliwa huko, lakini usikate tamaa.

Tarehe kumi na sita. Nimeitafakari. Ukifika tarehe kumi na sita utakuta viti vinarudishwa kanisani, wapiga fidla wamelala mabenchini, na kisiwa kizima ni kama darasa baada ya kengele ya mwisho. Kuogelea bado kutakuwepo, sikatai. Bahari haiendi popote. Mimi naeleza hali tu.

Kuhusu Stefanos, nimepanga upya. Wewe utashuka shimoni, nami nitakaa juu kwenye kibanda cha kahawa nikilinda mifuko. Siku hizi kuna wezi wa mifuko.

Pikipiki hapana. Mwanamke mwenye umri wako na cheti cha chuo hupanda basi. Basi hupita asubuhi, na dereva ni mwanafunzi wangu wa zamani, kwa hiyo huendesha vizuri nikiwamo.

Usiache kupanda Palaiokastro, ule ukuta wa kale wa mawe meusi nyuma ya mji. Nenda jioni jua likiwa chini. Mawe yamekatwa na kupangwa bila chokaa, na hata wembe haupiti katikati. Nikia pia uende. Uwanja wake umetandikwa kokoto nyeusi na nyeupe, na ukisimama ukingoni mwa kijiji unaliona shimo lote chini kama sahani iliyosahauliwa mezani.

Katika picha ile, mlango ndio ulioinama. Mimi nilisimama sawasawa.

Umeandika "nitafika". Mwaliko ulikuwa wa watu wawili. Na habari ya dengu hukuijibu.

Shangazi yako,
Themelina


Oakleigh
8 Juni 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku baridi imeanza na Baba amehamishia kikaango ndani, kwa hiyo mapazia yote yananuka samaki. Wino mwekundu nimeupokea. Nimeubandika kwenye friji. Baba alipouona aliketi wima bila kujua, kama mtoto wa shule.

Sasa nisikilize vizuri. Mwezi wa Machi tunashuka shimoni sote wawili. Mwezi wa Mei unalinda mifuko. Tangu lini Nisyros kuna wezi? Baba anasema mwizi wa mwisho aliiba kuku mwaka aliozaliwa yeye, na akamrudisha kwa aibu. Shangazi, mimi kazi yangu ni magoti ya watu. Nijibu kwa neno moja. La kushoto au la kulia?

Nilimwuliza Baba kama anajua lolote. Akasema, "Themelina? Huyo hata mguu ukikatika atasema ngazi imerefuka."

Nilimwuliza pia habari za Bibi na zile siku tisa. Aligeuza samaki ambaye hakuhitaji kugeuzwa. Kisha akaniambia kwamba mama yake aliposhuka Spiliani alikuwa na mwendo wa mtu aliyetua mzigo mahali, na kwamba nyumba yote ilipumua kwa wiki nzima. Hakuwahi kusema alikuwa amebeba nini. Baba naye hakuwahi kuuliza.

Nina swali, kwa kutaka kujua tu. Je, mtu asiyejua kusali vizuri anaweza kupanda? Mtu ambaye mara ya mwisho aliingia kanisani kwa ajili ya harusi, na hata hiyo harusi si ya jana?

Kuhusu dengu, mimi nakula.

Sevasti


Mandraki
29 Juni 1997

Mwanangu Sevasti,

Ni joto. Zabibu zimejaa, nyanya zimekwisha kuiva, na watalii wa boti hupita dirishani mwangu kila mchana wakilipiga picha joho langu lililoanikwa kana kwamba ni la kale. Nimewaambia ni la mwaka jana. Wamezidi kupiga.

Swali lako la kushoto na kulia sikulielewa. Ukitoka bandarini, barabara ya Pali iko kushoto, na mji uko kulia.

Nimesahau kukutajia Loutra. Maji yake yanatoka moto chini ya mlima, na watu huja toka mbali kuloweka viungo vyao. Mimi nakwenda kila Jumanne na Ijumaa kusoma gazeti. Kuna utulivu pale. Shimo la Stefanos, nikifikiri vizuri, huonekana vyema zaidi kutoka Nikia, mtu akiwa amekaa.

Juzi Marigo alikuja. Kama unavyojua, yeye ndiye mkubwa wa wanawake wa siku tisa tangu mamake alipofariki, na cheo hicho anakivaa hata sokoni.

"Themelina," akaniambia, "mwaka huu unapanda au hupandi?"

"Siku ikifika utaona."

"Nataka kujua mapema. Wifi yangu amekwisha kushona gauni jeusi."

"Basi atapata pa kulivalia. Mazishi hayakosekani."

"Na mtoto wa Nikitas? Si anakuja?"

"Anakuja kuogelea."

"Tarehe ngapi?"

"Marigo," nikasema, "maziwa yako yanamwagika." Hakuwa amebandika maziwa, lakini alikimbia.

Kuhusu lile swali lako la kutaka kujua tu, nakujibu kama nilivyokuwa nikiwajibu wanafunzi, bila kuongeza wala kupunguza. Kule juu sijawahi kumwona anayejua kusali vizuri. Ajuaye husalia jikoni kwake. Wengine tunapanda.

Tarehe sita mwaka huu ni Jumatano. Nakuarifu tu.

Mito iko kitandani, imefunikwa karatasi isiingie vumbi. Yote miwili.

Shangazi yako,
Themelina


Mandraki
27 Julai 1997

Mwanangu Sevasti,

Barua yako ya Julai haikunifikia. Pengine imekwama Kos, ambako posta hufanya kazi kwa huruma ya Mungu. Pengine hukuiandika.

Nyumba imepakwa chokaa. Nimemwambia Marigo kwamba nitampa jibu jioni ya tarehe tano. Hakupenda, lakini hana la kufanya, kwa maana alfabeti nilimfundisha mimi. Nimelitoa gauni jeusi sandukuni nikalianika, kisha nikalirudisha. Ngazi za Spiliani wamezitengeneza vibaya mwaka huu. Zamani hazikuwa hivi.

Najua barua hii itafika huko wakati wewe umekwisha kuondoka, kwa hiyo sielewi kwa nini naiandika. Kama ulichukia habari ya pikipiki, basi panda pikipiki.

Shangazi yako,
Themelina


Spiliani, juu ya paa lako
6 Agosti, jioni

Shangazi,

Shikamoo. Najua umekwisha kuambiwa, maana sanduku langu la magurudumu liligonga kila ngazi na mji mzima ulichungulia. Kikaratasi hiki nakitia ndani ya kapu la mkate linaloshuka.

Nimefika kwa boti ya jana jioni, nikapanda moja kwa moja, wanawake wakiwa bado wanatandika kwa ajili ya leo. Sikupita kwako kwa makusudi. Ningepita, mtu angesema umeniomba, au wewe ungesema nenda kaogelee. Yule mwenzangu wa kazini hatimaye alikubali kuniachia nusu yake ya mwezi pia. Nitamfanyia zamu zake za Krismasi, zote.

Nilipofika mlangoni Marigo alinizuia kwa ufagio.

"Wewe wa nani?"

"Wa Nikitas. Sevasti. Shangazi yangu ni Themelina."

"Amekutuma?"

"Hajui kwamba nimefika."

"Amekuomba?"

"Ameniandikia juu ya viatu, mapango na pweza."

"Na tarehe?"

"Na tarehe."

Alicheka mpaka akakalia ngazi. Kisha akaniazima gauni lake jeusi, ambalo linatosha mimi, wewe na mbuzi mmoja, akanionyesha godoro lililo chini ya dirisha. "Lilale," akasema, "kabla wifi yangu hajalala." Wifi yake naye yupo. Amepewa godoro la nyumba iliyohamia Athene, lakini lake liko karibu na choo, na ananitazama.

Dirisha letu halikutajwa kwenye orodha yako ya mambo ya kuona. Kutoka hapa naiona bahari mpaka Gyali, kile kisiwa kinachochimbwa mawe mepesi. Namwona pia kila paka wa Mandraki, na uani kwako pote. Leo asubuhi nimekuona ukishuka kwenda kumwagilia mrehani. Ulishuka kinyumenyume, umeshika ukuta.

Ni la kulia.

Sevasti


Mandraki
7 Agosti

Mwanangu,

Imepokewa. Kwa kumbukumbu, sikukuomba. Mwonyeshe Marigo mstari huu.

Unaposujudu usianze kwa kasi. Watu wa mijini huanza kwa kasi, na ikifika adhuhuri wanabebwa. Kunja kitambaa mara nne uweke mahali unapotua, na unapoinuka tumia mikono, hakuna atakayekucheka. Fedha husuguliwa kwa majivu na limau, si kwa dawa ya dukani, hata kama wifi yake Marigo ameileta. Usile chumvi nyingi. Chini ya godoro letu upande wa ukutani kuna shimo dogo. Bibi yako alikuwa akificha lozi humo. Nimetia mpya kila mwaka. Za mwaka jana bado zinafaa.

Nakupelekea tini na soksi.

Sikuulizi umepanda kwa ajili ya nini. Wala wewe usimwambie mtu.

Usiangalie uani kwangu.

Themelina


Spiliani
12 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Lozi nimezipata. Nimezila zote isipokuwa chache za mwakani.

Likizo yangu mpaka sasa iko hivi. Shimo la Stefanos sijaliona. Kuogelea sijaogelea. Pweza hatajwi. Nimeona sakafu. Sakafu hii naijua kuliko mtu yeyote aliye hai: kuna jiwe lenye ufa kama ramani ya Tasmania, na kuna mchwa mmoja ambaye naamini tumefahamiana.

Siku ya tatu nililia. Sijui kilichoanzisha. Nilikuwa nasugua taa ya fedha, yakaja tu, na hayakukoma. Hakuna aliyeuliza. Wifi yake Marigo aliniangalia, akaenda jikoni, akarudi na kitunguu na kisu. "Menya," akasema, "upate sababu." Tangu siku hiyo tunalala kichwa kwa kichwa, na amenifundisha matusi matatu ya hapa ambayo hutayasahihisha kwa wino wowote.

Wote wanakutaja. Wanasema sauti yao bila yako imekuwa ya mbuzi. Marigo ameweka kiti mlangoni mwa pango lenye kanisa, penye kivuli. Panda jioni ya kesho kutwa, kwa mkesha wa sikukuu. Vijana wawili watakushika, ngazi ni pana. Nitakuonyesha jinsi ya kuukunja mguu usiume. Shangazi, kaa tu kitini. Inatosha.

Sevasti


Mandraki
13 Agosti

Mwanangu,

Anayeketi kitini ni mgeni. Spiliani mimi si mgeni, na sitaanza sasa.

Tarehe kumi na tano picha takatifu itashushwa mjini na itapita mbele ya nyumba yangu. Nitaitazama nikiwa mlangoni, kama wafanyavyo watoto wachanga na wagonjwa. Isitoshe nina shughuli. Bajia za karamu hazijikaangi.

Mahali pa nyumba yetu pamekaliwa, na hilo ndilo lililokuwa na maana. Mimi nimeridhika.

Usiangalie uani. Nimekuona ukipunga mkono.

Themelina


Oakleigh
14 Septemba 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Kwenye sakafu ya mlangoni nilikuta barua yako ya Julai. "Basi panda pikipiki." Nimeitia fremu. Sasa imeandikwa, wala hakuna wino mwekundu utakaoifuta.

Baba amenikagua kama nguo iliyotoka kwa dobi. Nilimsimulia kila kitu, na nilipofika kwenye sinia aliizima redio. Kwa kuwa wewe hukuniuliza habari ya sinia wiki zote mbili nilizokaa kwako, na hutauliza, nakueleza mwenyewe.

Siku zote tisa nilikuwa nikiitazama njia ile kutoka dirishani. Kutoka mlangoni kwako mpaka uwanjani ni tambarare, hakuna hata ngazi moja. Ndiyo maana asubuhi ile ya sikukuu, tuliposhuka na picha takatifu, niliomba nitembee upande wa kushoto wa mstari, upande wa mlango wako. Marigo alinionya kwamba msafara wa Mama wa Mungu hausimami kwa ajili ya mtu. Nilimjibu, "Ndiyo, mama."

Ulikuwa umesimama hapo na aproni yenye mafuta, mkononi kijiko cha bajia. Nikakupa sinia langu la ngano ya kuchemsha, ambalo wanawake wa siku tisa hubeba kwenye msafara.

"Una wazimu?" ukaniambia. "Sijavaa."

"Shika, Shangazi, mikono yangu imechoka."

"Mbele ya watu! Rudi kwenye mstari!"

Ndipo Marigo akapaza sauti kule mbele: "Themelina, shika hilo sinia, ngano inapoa!"

"Ngano ya sinia haipoi, Marigo! Huliwa baridi! Miaka yote hii na hujui?"

Nawe ukibishana hivyo, na sinia umekwisha kulishika, ulikuwa umeanza kutembea. Msafara ulikuwa umesimama, Shangazi. Padri, picha, fidla, wote. Walikungoja uingie mahali pako, kisha wakaendelea. Mimi nilitembea nyuma yako nimeshika kijiko chako cha bajia. Watu wanasema mwendo wako ulikuwa wa pole pole na wa heshima sana. Mimi najua ni kwa nini, na mpaka leo sijamwambia mtu.

Baada ya hapo nilipata likizo yangu yote. Niliogelea Pali mpaka ngozi ikanyauka. Nilicheza ngoma ya kikombe nikamwagia divai viatu vya padri. Niliingia pango la Emporios na nikatoka nimesamehe karibu kila mtu. Nilishuka Stefanos peke yangu asubuhi, mvuke ukinipanda kwenye suruali, nikatazama juu, nikakuona mdogo kama pini kwenye kibanda cha kahawa, umekumbatia mfuko wangu kwa mikono miwili, usije ukaibiwa.

Nimehamia nyumba ndogo, ya mtu mmoja, karibu na Baba. Ina dirisha moja zuri. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha.

Mazoezi ni asubuhi na jioni. Karatasi niliyochora ibandike ukutani. Si lazima uniambie kama unayafanya. Jumanne na Ijumaa nitajua kwamba uko Loutra unasoma gazeti.

Nakupenda,
Sevasti


Mandraki
12 Oktoba 1997

Mpendwa mwanangu Sevasti,

Salamu nyingi kwako na kwa kaka yangu. Mvua ya kwanza imenyesha na kisiwa kinanuka udongo badala ya kiberiti. Boti za watalii zimekoma. Paka mweusi amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku la vitabu vya shule, ambavyo hata hivyo havikuwa na msomaji.

Barua yako nimeisoma. Makosa ni machache, na sikuchukua wino.

Anwani mpya nimeinakili mahali pa ile ya zamani. Sikuuliza, na siulizi.

Kuhusu sinia, ulifanya jambo lisiloruhusiwa, mbele ya padri, na mimi nikiwa na aproni. Marigo anasema katika maisha yake msafara haujawahi kusimama, na kwamba alisimama yeye mwenyewe kwa sababu jiwe liliingia kiatuni. Nimemwambia kwamba uongo mzuri hauna haja ya jiwe. Wifi yake ameomba godoro lake lisogezwe karibu na letu. Nimekubali, lakini kwa masharti, kwa maana habari za yale matusi matatu nimezisikia.

Mapema wiki hii nilikwenda Nikia kwa basi. Kibanda kilikuwa kimefungwa, na sikuwa na mfuko wa kumlindia mtu. Nilisimama ukingoni nikalitazama shimo kwa muda mrefu. Nilijiuliza mwanangu aliona nini mle ndani peke yake, na kwa nini alitoka akicheka.

Tarehe sita Agosti mwakani ni Alhamisi. Nakuarifu tu.

Chumba cha mbele nimekipanga upya. Nilikuwa nimenunua mito miwili. Mmoja nimeuacha kitandani, ni wako, asiulalie mtu mwingine. Wa pili nimeuchukua mimi. Jioni nauweka chini ya goti.

Shangazi yako akupendaye,
Themelina